Bomba Likikatwa Limekatwa: Kinanda cha Kanisa Kinapohamia Nairobi

Makanisa yanafungwa Uingereza na Uholanzi, na vinanda vyake vya mabomba vinatafuta wa kuvichukua. Kinanda cha rejista kumi, kilichojengwa na fundi hodari zaidi ya miaka mia iliyopita, hupatikana kwa bei ndogo kuliko ya kibodi nzuri ya umeme. Wakati mwingine hutolewa bure kwa atakayekifungua na kukibeba. Kamati ya parokia ya Nairobi ikisikia habari hizo hupiga vigelegele. Sisi tungeiomba itulie kwanza. Gharama kubwa si ya kukinunua, ni ya kukifanya kilie vizuri mahali ambapo hakikutungiwa, na hasara isiyofidika hutokea pale fundi anapolimaliza tatizo la Nairobi kwa msumeno.

Tuanze na kilichomo ndani. Rejista ni safu ya mabomba yenye sauti ya aina moja, bomba moja kwa kila kibao. Tuseme kibodi ina vibao 56 na kanyagio za miguu ni 30. Rejista nane za mikono zinatoa mabomba 448 na mbili za miguu 60, jumla 508. Namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha rejista, iwe 16, 8, 4 au 2, ni urefu wa bomba lake kubwa kabisa kwa futi. Bomba la futi 8, yaani kama mita 2.4, linatoa C ya mitetemo 65 hivi kwa sekunde. Ukiliziba bomba juu, nusu ya urefu huo inatosha kutoa noti ileile, ila sauti inakuwa ya ndani zaidi, kama ya mtu anayepuliza chupa. Ndiyo maana makanisa madogo hupenda mabomba yaliyozibwa: yanaokoa nafasi na fedha.

Upana wa bomba una hesabu yake. Urefu hupungua nusu kila oktava, yaani kila nusu toni 12. Upana nao ukipunguzwa nusu kila oktava, mabomba ya juu yanakuwa membamba mno na sauti yake inakwaruza. Mjerumani Johann Gottlob Töpfer alikokotoa katika karne ya 19 mfululizo ambao upana unafikia nusu kwenye bomba la 17, si la 13. Hesabu yake ndiyo iliyozaa kipimo ambacho Wajerumani walikuja kukiita cha kawaida: C ya futi 8 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 155.5. Hakuna mjenzi anayekifuata kama amri. Wanakitumia kama mzani: rejista hii ni nene kuliko kawaida kwa nusu toni mbili, ile ni nyembamba kwa nne. Uamuzi huo hufanywa kwa kuzingatia jengo. Mabomba yaleyale yatasikika kwa namna moja ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1917 na kujengwa kwa mawe matupu, na kwa namna nyingine kabisa katika kanisa la Kayole lenye paa la mabati, zulia jekundu na viti vya sponji. Zulia na sponji hula sauti za juu. Mvua ikinyesha juu ya mabati, filimbi nyororo za futi 8 hazisikiki hata safu ya tatu.

Halafu kuna mdomo wa bomba, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Upepo unaingia kwa tundu la mguu, unabanwa kwenye upenyo mwembamba usiofika hata milimita moja, unatoka kama karatasi ya hewa na kugonga ukingo wa mdomo wa juu. Kimo cha mdomo mara nyingi ni robo ya upana wake. Kikiongezwa, sauti inakuwa ya duara na nzito. Kikiwa kifupi, inakuwa na makali. Kasi ya ile karatasi ya hewa lazima ioane na kimo hicho. Upepo ukizidi, noti inapanda kidogo kidogo, kisha bomba lililo wazi linaruka oktava nzima, na lililozibwa linaruka oktava moja na noti tano juu yake (nusu toni 19). Fundi ana njia mbili za kulituliza. Anaweza kubana tundu la mguu kwa koni ya shaba, na kesho akaona amekosea akalifungua. Au anaweza kuukata mdomo uwe mrefu zaidi. Akishakata, imekwisha: chuma hakirudi mahali pake, na kila bomba la rejista nzima litapaswa kukatwa ili lilingane na lile la kwanza.

Sasa tuje Nairobi. Jiji liko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ina uzito wa karibu asilimia 80 ya hewa ya pwani kwa joto lilelile. Wengi wanadhani wembamba huo wa hewa unabadilisha noti. Haubadilishi moja kwa moja. Noti ya bomba hufuata joto. Kinachobadilika ni mambo mawili mengine, na yote mawili huwachanganya mafundi.

La kwanza ni feni ya upepo. Feni husukuma kulingana na uzito wa hewa inayoizungusha. Iliyopimwa kutoa shinikizo la milimita 120 za maji (kimo cha maji ambacho upepo unaweza kukiinua) kule ilikotoka itatoa kama 96 hapa, hata ikiwa nzima kabisa. Mvukuto unaotaka 80 bado unaweza kujaa, lakini akiba ni ndogo, na mpiga kinanda akifungua rejista zote na kushika chodi ya vidole kumi, upepo unapwaya na sauti inayumba. Mwuzaji ataambiwa feni ni mbovu. Si mbovu. Ilipaswa kuagizwa ya nguvu zaidi kwa robo tangu mwanzo. Ikiwa kinanda kimetoka Marekani tatizo linaongezeka, kwa sababu mota yao ya kawaida imetengenezewa umeme wa mizunguko 60 nasi tunatumia 50: feni inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, na shinikizo linashuka hadi asilimia 69 kabla hata hujahesabu mwinuko. Hapo mota ibadilishwe tu.

La pili ni gumu zaidi kuliona. Shinikizo lilelile katika hewa nyepesi hutoa karatasi ya hewa yenye kasi zaidi, karibu asilimia 12. Mabomba yaliyotulia kwa milimita 80 huko Yorkshire, Uingereza, yanafika hapa yakiwa na haraka: noti ziko juu kidogo, mwanzo wa sauti una mlio wa kukohoa, na madogo yanataka kuruka oktava. Fundi asiyejua sababu atasema mabomba yamechoka, achukue kisu na kuanza kuinua midomo. Dawa iko kwenye mvukuto. Ili kasi irudi ilivyokuwa, shinikizo lishushwe hadi kama milimita 64. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya maji ni kilo moja kwa kila mita mraba. Mvukuto wa mita 2 kwa 1.2 una mita mraba 2.4, kwa hiyo milimita 80 zinatokana na kilo 192, ukijumlisha ubao wa juu na vyuma vilivyolalia juu yake. Ondoa kilo 38 za vyuma na umefika. Hakuna kilichokatwa. Vipande ulivyoondoa vifungwe kwa waya pamoja na karatasi ya maelezo, viwekwe chini ya mvukuto huohuo.

Pima kabla na baada. Kipimo ni mrija mwembamba wa plastiki uliokunjwa kama herufi U, maji kidogo ya rangi ndani, na rula pembeni. Ncha moja inaingizwa kwenye tundu la bomba lililong'olewa, kibao kinabonyezwa, na tofauti ya kimo cha maji pande mbili ndiyo shinikizo. Mtu akikuambia amerekebisha sauti ya kinanda bila kuwa na mrija huo, usimruhusu arudi.

Kuna kikwazo kimoja cha kweli: mabomba ya ulimi, yale ya jamii ya tarumbeta. Humo sauti hutoka kwenye ukanda wa shaba uliopindwa kidogo, na upindo wake umepimwa kwa nguvu ya upepo uliopo. Ukishusha shinikizo ili kuyaridhisha mabomba ya midomo, ndimi zinachelewa kuamka au zinanyamaza kabisa. Kinanda chenye rejista moja au mbili za ulimi kinaweza kuwekewa sanduku dogo la upepo la peke yake lenye shinikizo la awali. Hilo tunalipendelea. Njia nyingine ni kupunguza upindo wa ndimi moja moja kwa chuma laini cha mviringo, kazi inayohitaji mkono uliozoea miaka mingi; aliyejifunza jana atazivunja au kuzikunja pembe.

Joto ndilo litakaloleta ugomvi na kwaya. Noti ya bomba la mdomo hupanda kama senti 3 kwa kila digrii moja, senti 100 zikiwa nusu toni moja. Ibada ya saa moja asubuhi ikianza na digrii 16 na ya mchana ikaisha na 24, kinanda kimepanda senti 24, yaani robo ya nusu toni, huku kibodi ya umeme ya bendi ya vijana ikibaki palepale. Hiyo si hitilafu ya kuitia fundi. Kinanda kilinganishwe kwa joto la ibada yenye watu wengi, na joto hilo liandikwe. Mabomba ya ulimi hayapandi sawasawa na ya mdomo, kwa hiyo yanasikika kana kwamba ndiyo yameharibika, kumbe ni wenzake 450 waliohama. Yarekebishwe hayo machache kwa waya wao, na mengine yaachwe. Kila mara bomba la mdomo linapoguswa sehemu yake ya juu, chuma chake laini cha risasi na stani huchanika kidogo. Vinanda vingi vya zamani vina mabomba madogo yenye vichwa vilivyopasuka kama maua yaliyonyauka, na kilichoyapasua ni kulinganishwa mara nyingi kupita kiasi.

Ukavu wa Januari na Februari unaua kwa njia nyingine. Chini ya mabomba kuna sanduku la upepo: meza ya mbao iliyogawanywa kwa mifereji, mfereji mmoja kwa kila kibao, na juu yake vibanzi virefu vyenye matundu vinavyovutwa na vitasa vya rejista. Mbao hizo zilizoea kanisa la baridi na unyevu. Meza yenye upana wa sentimita 80, mbao zake zikikauka kutoka unyevu wa asilimia 13 hadi 9, itasinyaa kwa milimita kadhaa kulingana na jinsi gogo lilivyopasuliwa. Ikishikiliwa na fremu isiyosinyaa, inapasuka. Upepo unavuja kutoka mfereji mmoja hadi wa jirani, na ukibonyeza C unasikia C kali, noti iliyo nusu toni juu yake, ikinong'ona nyuma yake. Watu hukimbilia kuziba ufa kwa silikoni. Mvua za Aprili zikifika, mbao zinavimba, silikoni inazibana na kuinua meza, vibanzi vinakwama, na sasa una matatizo mawili. Ufa uzibwe kwa kipande chembamba cha mbao ya aina ileile, chenye umbo la kabari, kilichobandikwa upande mmoja tu kwa gundi ya ngozi ya wanyama. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji moto hata baada ya miaka mia. Gundi nyeupe ya seremala haiachii bila kubeba mbao.

Kwa hiyo kinanda kikifika kisifunguliwe na kujengwa wiki hiyohiyo. Kipewe miezi kadhaa ndani ya kanisa lenyewe, masanduku ya upepo yakiwa yamelazwa juu ya vigingi ili hewa ipite pande zote, kikionja msimu mmoja wa ukavu kabla ya kufungwa. Vigingi hivyo visiguse ukuta. Mchwa wa Nairobi hawaulizi kama mbao ni ya Yorkshire au ya soko la Gikomba.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kinanda unachokipokea si kile alichokijenga mjenzi wa kwanza. Vingi vimebadilishwa mara mbili au tatu. Uingereza ya zama za Victoria vilijengwa vingi kwa noti za juu, A ikiwa na mitetemo kama 452. Baadaye vikashushwa hadi karibu 440. Tofauti hiyo ni senti 47, chini kidogo ya robo toni. Waliotaka kuhifadhi waliongeza urefu wa mabomba, asilimia 2.7, ambayo kwa bomba la mita 2.4 ni kama sentimita 6.5. Waliotaka haraka walisogeza kila bomba kibao kimoja juu, wakalikata kidogo, kisha wakatengeneza bomba moja jipya kubwa la kukaa mwanzoni. Kinanda cha namna hiyo kina mabomba manene kidogo kuliko alivyokusudia mjenzi, kote. Usishangae kikisikika chenye tumbo.

Mfano ambao wapenzi wa vinanda hawauachi ni wa Paris. Mwaka 1859 mjenzi Aristide Cavaillé-Coll alimaliza kinanda cha kanisa la Sainte-Clotilde, kibodi 3 na rejista 46, na mtunzi César Franck akakipiga hadi alipofariki mwaka 1890. Muziki wake wa kinanda aliuandika akiwa na sauti hizo masikioni. Mwaka 1933, chini ya Charles Tournemire, mpiga kinanda wa kanisa hilo, kibodi ziliongezwa kutoka vibao 54 hadi 61 na rejista mpya zikaingizwa. Mwaka 1962, enzi za Jean Langlais kwenye nafasi hiyohiyo, mitambo inayounganisha vibao na mabomba ikawa ya umeme. Wote wawili walikuwa wanamuziki wakubwa, na kila mmoja alikitaka kinanda kiimbe muziki wa wakati wake. Hatuwalaumu kwa kutaka hivyo. Lakini leo anayetaka kujua kinanda cha Franck kilivyojibu vidole vyake hawezi kukijua pale. Anavuka mitaa michache hadi kanisa la Saint-Sulpice, kwenye kinanda cha fundi yuleyule cha mwaka 1862, rejista 100 na kibodi 5, kilichoguswa kidogo sana, akakisie kutoka hapo.

Mabadiliko ya zamani huacha makovu, na makovu husomeka. Angalia ncha za mabomba: mstari wa lehemu karibu na juu ni nyongeza ya urefu. Angalia herufi zilizokwaruzwa kwenye mguu. Bomba lililoandikwa C kali lakini linakaa kwenye kibao cha D limesogezwa. Kwenye kinanda cha Kijerumani kumbuka kwamba H ni B yetu, na B yao ni B bapa, nusu toni chini ya B yetu; wapo waliopanga safu nzima kimakosa kwa kutolijua hilo. Mdomo wenye ukingo mpya unaong'aa kuliko mwili wa bomba umekatwa. Matundu ya skrubu yasiyo na skrubu ndani ya sanduku la upepo yanaonyesha rejista iliyoondolewa, na mara nyingi mabomba yake yako bado, yamefupishwa na kupewa jina jingine. Mabomba ya mbele ya zinki kwenye kinanda kikongwe cha Ujerumani aghalabu ni kumbukumbu ya mwaka 1917, serikali ilipoyachukua ya stani kwa ajili ya vita. Kinanda maarufu cha mjenzi Arp Schnitger cha mwaka 1693 pale kanisa la St. Jacobi, Hamburg, kilipoteza yake hivyo. Piga picha za makovu hayo yote kabla bomba moja halijang'olewa. Ndiyo ramani yako.

Kuhusu mitambo, msimamo wetu uko wazi. Kinanda chenye vijiti vya mbao vinavyounganisha kibao na vali moja kwa moja kisigeuzwe kuwa cha umeme Nairobi. Stima ikipotea katikati ya wimbo, kinanda cha umeme, chenye vali zinazovutwa na sumaku, kinakufa chote. Cha vijiti kinahitaji upepo tu, na mvukuto wa zamani mara nyingi bado una mahali pa mpini wa kupampia kwa mkono. Rudisheni mpini huo. Kijana mmoja mwenye mabega anatosha kwa rejista kumi. Vijiti vyenyewe vikivunjika, fundi mbao yeyote makini anaweza kuviranda, na bati la njia za upepo litakunjwa Kamukunji kwa ustadi usio na mashaka. Palepale Kamukunji agizeni pia pete za bati za kuvalishwa juu ya mabomba yaliyo mafupi. Pete inashusha noti bila lehemu, na inavuliwa siku yoyote. Ngozi ndiyo tatizo: ile ya viatu inayouzwa Kariokor ni nene mno. Mikunjo ya mvukuto inataka ya kondoo au mbuzi, laini, isiyozidi milimita moja, na vifuko vya vali vinataka nusu ya hapo.

Njiani, mabomba yalazwe kwa urefu kwenye trei, kila moja na karatasi laini, makubwa chini ya yote au peke yake. Yakisimamishwa, miguu ya risasi hujikunja kwa uzito wake yenyewe. Yasifungiwe kwenye masanduku ya mbao mbichi ya mwaloni wala ya chipubodi: mvuke wa asidi unaotoka humo hula risasi, na kontena lililokaa wiki tatu kwenye joto la bandari ya Mombasa ni kama tanuri la kuuharakisha. Masanduku ya msonobari uliokauka, yenye matundu, yanatosha.

Na liwepo daftari, jeusi, lenye jalada gumu, lililotundikwa ndani ya mlango wa kinanda kwa kamba. Kila anayeingia aandike tarehe, joto, shinikizo lililosomwa kwenye mrija, bomba lililoguswa na lilivyokuwa kabla. Kilichotolewa, hata kiwe kijiti kilichovunjika, kipewe namba ya ukurasa huo na kuwekwa kwenye boksi moja chini ya ngazi ya nyuma, juu ya tofali.